Vitanda Kwanza, Kombe Baadaye: Tunavyoandaa Mashindano ya Mwaliko ya Soka la Wanawake Hapa Moshi

Mwaka wa kwanza tulinunua kombe kabla ya kuhesabu vitanda. Wasichana wa timu ya Voi walilala wawili wawili kwenye vitanda vya futi mbili na nusu, na golikipa wao, dada mrefu anayeinama kupita mlangoni, akalala sakafuni juu ya magodoro mawili ya kuazima yaliyokuwa yakiachana kila akijigeuza. Kesho yake walitufunga tatu bila, kwa hiyo sisemi usingizi ndio kila kitu. Ila aibu ile ninayo mpaka leo, na ndiyo sababu mtu akiniuliza aanzie wapi, namwambia aanzie kwenye vitanda.

Mimi ni meneja wa timu ya wanawake. Zamani nilikuwa winga wa kulia, goti likanistaafisha. Mchana nauza mitumba soko la Memorial, jioni niko uwanjani na daftari. Tumeshaandaa mashindano haya mara nne, timu nne kila mara: sisi wenyeji, wenzetu wa Arusha, na mbili kutoka ng'ambo ya mpaka, Taveta na Voi za Kenya. Si makubwa. Lakini bendera zinapepea mbili, nyimbo za taifa zinaimbwa mbili, kwa hiyo ni ya kimataifa, na anayebisha aje ajaribu kuvusha timu mpakani Holili.

Kwanza uelewe unachoandaa. Kwenye ligi timu inakuja uwanjani kwa sababu ratiba imeilazimisha. Kwenye mwaliko inakuja kwa sababu umeiita, na mwakani inaweza isije. Soka la wanawake limekulia kwenye mialiko hii. Kabla ya Kombe la Dunia la kwanza la wanawake, FIFA walialika timu 12 China mwaka 1988 kujaribu kama jambo linawezekana. Ivory Coast walikuwemo kutoka Afrika, na Norway ndio waliochukua ubingwa kwa kuwafunga Sweden 1-0. Miaka mitatu baadaye Kombe la Dunia lenyewe likachezwa hukohuko China. Algarve Cup ya Ureno ilianza 1994, SheBelieves Cup ya Marekani 2016, zote za kualikana. Na sisi tunalo letu: mwaka 2021 Twiga Stars, timu yetu ya taifa ya wanawake, walikwenda Afrika Kusini kwenye mashindano ya COSAFA, ya nchi za kusini mwa Afrika, wakiwa wageni waalikwa, ukanda si wao, wakaifunga Malawi 1-0 fainali na kurudi na kombe. Ukialika watu, basi, ujiandae na hilo pia: mgeni anaweza kula chakula chako na kombe akaondoka nalo.

Kuchagua tarehe

Hapa ndipo wengi wanapokosea, maana wanaangalia kalenda ya mpira tu. Sisi wageni wanalala bwenini, kwa hiyo kalenda ya kwanza ni ya shule. Shule zetu zinafunga Juni na Desemba, za Kenya zina mpangilio wao, na mahali tunapokutana bila kusukumana ni mwanzoni mwa Desemba. Masika, Machi mpaka Mei, usithubutu, uwanja unakuwa jaruba. Juni kuna likizo lakini kuna baridi na ukungu, na wageni wa Voi wanatetemeka mpaka unawaonea huruma.

Sasa Desemba ina mtego wake ambao mtu wa mkoa mwingine hawezi kuujua. Kuanzia katikati ya mwezi Wachagga wanarudi nyumbani. Dar yote inahamia huku. Mabasi yanajaa, nyumba za wageni zinapandisha bei, nyama inapanda, hata kosta ya kukodi unayoipata kwa bei ya kirafiki tarehe 5, tarehe 18 mwenye gari hapokei simu yako. Sisi tunamaliza kabla ya tarehe 10. Mvua za vuli zinaweza kukugusa, ndiyo, lakini afadhali mvua kuliko nauli.

Halafu ndiyo uangalie ratiba ya ligi na vipindi vya timu za taifa, usije ukaalika timu ambayo washambuliaji wake wawili wameitwa kambini.

Barua

Usialike kwa WhatsApp. Simu ni ya kuulizia kama wana nia. Mwaliko ni barua, yenye tarehe, sahihi na muhuri, na itoke miezi mitatu kabla. Sababu si ukubwa wa mambo. Timu ya nje inaihitaji barua hiyo kuombea ruhusa kwenye chama chake cha mpira, na wewe unahitaji kibali upande wako, kuanzia chama cha mpira cha wilaya na mkoa mpaka TFF, shirikisho la mpira la taifa. Hati hizo ndizo zitakazosomwa mpakani. Peleka nakala kwa afisa michezo wa manispaa na polisi. Peleka mwenyewe, kwa mkono, na ukae mpaka igongwe muhuri wa kupokelewa. Barua iliyoachwa mezani huwa inalala.

Ndani ya barua andika nani analipa nini, na uandike bila haya. Yetu inasema: nauli mpaka mpakani ni yenu, kuanzia Holili mpaka mnaporudi Holili ni yetu. Tunalaza na kulisha watu 22, wachezaji 18 na viongozi wanne. Wa 23 anajilipia. Sentensi hiyo ya mwisho tuliiongeza baada ya timu moja kushuka na watu 31, wakiwemo shemeji wa kocha na mtoto anayenyonya. Mtoto tulimpokea kwa furaha, na nakushauri uulize mapema kama kuna mchezaji anayenyonyesha, ili umtafutie chumba chenye faragha. Shemeji ndiye aliyetutoa jasho.

Andika pia dakika za mchezo, idadi ya wachezaji wa akiba, rangi za jezi, siku ya mwisho ya kutuma majina, na zawadi. Kama zawadi ni mbuzi, sema ni mbuzi.

Mpakani

Mwaka wa pili nilikaa Holili kwa muda wa saa tatu na nusu juani kwa sababu ya jina. Orodha niliyotumiwa na kocha wao ilikuwa na majina ambayo wasichana wanaitana mazoezini. Hati za kusafiria zilikuwa na majina mengine kabisa. Afande wa uhamiaji, mama mmoja mpole lakini hana haraka, akaniita dirishani.

"Dada, huyu wa namba tisa ni nani?"

Nikamwambia ni yule pale, mwenye kofia.

"Namwona. Kwenye karatasi yako hayupo. Kwenye pasi yupo, lakini karatasini hayupo. Sasa mimi naingiza mtu au naingiza kofia?"

Tangu siku hiyo orodha inaandikwa kutoka kwenye hati, haiandikwi kutoka mdomoni. Ninaomba picha ya ukurasa wa kwanza wa kila hati, naandika majina yote matatu herufi kwa herufi, kisha naandika jina la mazoezini pembeni kwa kalamu ya risasi, la kwangu mwenyewe. Kila mmoja awe na kadi ya chanjo ya homa ya manjano. Aliye chini ya miaka 18 awe na barua ya mzazi au mlezi, yenye namba ya simu inayopatikana. Nenda mpakani wewe mwenyewe, usimtume dereva. Beba maji na ndizi mbivu.

Uwanja na kamba ya mzee

Uwanja wa Ushirika ukiupata, mshukuru Mungu ucheze. Sisi mara nyingi tunatumia uwanja wa shule, na uwanja wa shule una magoli, una ng'ombe, mistari hauna. Mara ya kwanza tulipima kwa hatua. Mimi nilihesabu upande mmoja, kijana wetu akahesabu wa pili. Siku ya mwisho ikatokea penalti, kocha wa Arusha akakataa kwamba faulo ilikuwa ndani. Akaingia uwanjani kwa utulivu kabisa, akapiga hatua toka nguzo ya goli hadi mstarini, akavuka upande wa pili akapiga tena. Kumi na nane ya kwao, yaani eneo la penalti, ilikuwa kubwa kuliko yetu kwa karibu mita mbili. Sikuwa na la kusema.

Mzee mmoja anayetunza uwanja wa jirani ndiye aliyenionyesha. Nilimwamkia, akaitikia, akaniuliza, "Mwanangu, mguu wako na wa kijana yule ni sawa?" Akatoa kamba ya katani, akanikalisha chini.

Chukua kamba ya mita 20 isiyovutika. Katani ni nzuri, ya nailoni inakudanganya. Kwa futi ya fundi, funga fundo kwenye mita 5.5, 9.15, 11 na 16.5, na kila fundo ulifunge kitambaa cha rangi yake. La 5.5 ni la eneo dogo la golikipa. La 9.15 ni la duara la kati, na ndilo umbali wa ukuta wa frikiki. La 11 ni nukta ya penalti, ukipima kutoka katikati ya mstari wa goli. La 16.5 ndiyo kumi na nane yenyewe: unapima kutoka kila nguzo ya goli kwenda pembeni, kisha kwenda mbele. Ule upinde ulio nje ya kumi na nane unachorwa kwa fundo la 9.15, mtu mmoja akishika mwisho wa kamba kwenye nukta ya penalti. Pembe za kona hakikisha hivi: pima mita 3 kwenye mstari wa goli, mita 4 kwenye mstari wa pembeni, kisha unganisha ncha hizo mbili. Isipokuwa mita 5 kamili, uwanja wako umepinda. Wetu ulikuwa umepinda miaka yote na hakuna aliyejua.

Goli ni mita 7.32 kwa 2.44. Piga futi. Magoli ya shule nyingi yamezama ardhini kwa miaka, na wasichana wanafunga goli zuri la juu linagonga mwamba ambao ungepaswa kuwa sentimita kumi zaidi juu. Chokaa ipigwe jioni ya kuamkia mchezo na ubakize mfuko mmoja wa alfajiri, maana mvua ya usiku haiombi ruhusa. Na ongea na wenye ng'ombe.

Ratiba

Timu nne zikikutana zote ni mechi sita, siku tatu, mbili kwa siku. Ukiweka nusu fainali, mechi ya mshindi wa tatu na fainali ni mechi nne, unaokoa siku moja na posho ya waamuzi. SheBelieves wenyewe walicheza kwa pointi tangu mwanzo, 2024 wakajaribu nusu fainali na fainali, 2025 wakarudi kwenye pointi. Mimi nasimama na pointi. Mtu hawezi kutoka Voi, akalala kwenye kitanda cha shule, akacheza mechi mbili akarudi. Tatizo la pointi ni siku ya mwisho kwenye uwanja mmoja: timu zinazocheza jioni zinajua matokeo ya asubuhi, na zinaweza kupigiana pasi za kirafiki. Dawa yetu ni kuiweka mechi yetu wenyeji asubuhi siku hiyo, ili kama kuna wa kuumia kwa kutojua, tuwe sisi. Wageni wanaliona hilo, na wanalikumbuka.

Siku tatu mfululizo dakika 90 ni kuua miguu. Sisi tunacheza 35 kwa 35. Kama kuna mtu anaona ni mchezo wa kitoto, mkumbushe kwamba Kombe la Dunia la wanawake la 1991 lilichezwa dakika 80. Wachezaji wa akiba wanaoingia mnaweza kukubaliana waongezwe kuliko kawaida, sheria inaruhusu kwenye mechi za namna hii, ila idadi ikubaliwe na mwamuzi aambiwe kabla ya filimbi. Mechi ziwe saa tatu asubuhi na saa kumi jioni. Jua la Moshi la saa saba mchana mwezi wa Desemba mwachie mjusi.

Mamluki

Utasema mashindano ya kirafiki nani atapenyeza mamluki, mchezaji asiye wa timu yake. Atafanya. Majina yafungwe siku saba kabla, yaje na picha, na abadilishwe aliyeumia tu. Jioni ya kuamkia mechi ya kwanza waite viongozi wote kikao, mkague timu moja moja mezani, kila mtu na hati yake.

Mwaka wa tatu alikaa mbele yangu msichana mwenye mapaja ya mchezaji wa ligi kuu na hati ya mtu mwingine. Nikamuuliza tarehe ya kuzaliwa. Akamtazama kocha. Kocha akatazama dari. Dari ilikuwa na buibui, tukaitazama sote. Nikafunga daftari nikamwambia, "Mdogo wangu, karibu chakula." Hakucheza mashindano, lakini hakurudishwa usiku. Alilala, alikula, na siku moja alicheza kwenye mchanganyiko wetu na kutufunga mabao manne. Kosa lilikuwa la waliomleta.

Chakula, bukta na madirisha

Usiwapikie maharage asubuhi ya mechi. Nilifanya hivyo mara moja, na kipindi cha kwanza kilienda polepole sana. Mlo mzito uwe muda wa saa tatu kabla ya mchezo. Kwa mechi ya asubuhi sisi tunatoa uji, mkate na ndizi mbivu alfajiri, basi. Mtori ni wa baada ya mechi, unashuka vizuri kwa mtu aliyechoka. Machalari, ndizi za kupikwa na nyama, ni ya usiku, na hapo mama lishe wetu aachwe ajimwage. Mlipe kila jioni, usisubiri mwisho. Yeye kesho asubuhi anakwenda Mbuyuni kununua ndizi kwa fedha hiyohiyo.

Maji ya kunywa tunahesabu madumu matatu ya lita 20 kwa timu kwa siku, na bado huwa tunaongeza.

Sasa jambo ambalo waandaaji wanaume huwa wanalifikia mwishoni kama wanalifikia. Vyumba vya kubadilishia nguo vitakuwa madarasa, na madarasa yana madirisha bila pazia, na chini ya dirisha kuna vijana. Nunua khanga au azima, nne kwa kila darasa, na misumari midogo. Weka pedi kwenye ndoo yenye mfuniko ndani ya choo, za kutosha, bila daftari la kusaini wala kumwomba mtu. Choo kiwe na maji na kitasa. Mwaka mmoja shule fulani ilituhakikishia tangi limejaa, na tangi lilijaa kweli, ila bomba lilikuwa halifiki chooni. Tulibeba ndoo siku tatu. Sasa nafungua bomba kwa mkono wangu kabla ya kulipia.

Bukta nyeupe usinunue. England waliacha bukta nyeupe mwaka 2023 baada ya wachezaji kusema zinawatia wasiwasi wakiwa kwenye siku zao. Sisi tulikuwa tumeshaligundua hilo Memorial zamani, tulikosa wa kututangaza. Kilemba kinaruhusiwa tangu 2014, kiwe cheusi au rangi ya jezi, kisiwe na pini. Hereni zivuliwe. Kuziziba kwa plasta hakutoshi, na mwamuzi akikutoa nje usilie.

Waamuzi, daktari, spika

Omba waamuzi wanawake kupitia chama cha mkoa, tena mapema. Wapo. Jonesia Rukyaa amewahi kuchezesha Simba na Yanga, kwa hiyo usiambiwe hawawezi. Posho yao wape siku hiyohiyo. Gari la kukimbiza majeruhi liwepo uwanjani na dereva awe ndani yake, awe anajua kama anakwenda hospitali ya Mawenzi au KCMC.

Mshereheshaji mwandikie mipaka. Tulikuwa na mmoja hodari wa maneno, dakika ya kumi akaanza kusifia maumbo ya wachezaji. Nilikwenda nikamnyang'anya kipaza sauti, nikatangaza mwenyewe mpaka mwisho, vibaya sana, majina ya wageni nikiyasoma kwenye kalamu yangu ya risasi. Watu walicheka. Wasichana walicheza.

Mlima

Wageni watauliza mlima kabla ya uwanja. Waamshe alfajiri siku ya pili, kabla mawingu hayajafunga, uwatoe nje na vikombe vya chai waone Kibo, kilele cha Kilimanjaro. Mimi huwa nawaambia kwamba juu kule, Juni 2017, wanawake kutoka nchi kama 20 walicheza mechi kamili ya dakika 90 kwenye majivu ya kreta, mita 5,714 juu ya usawa wa bahari, wakatoka sare bila bao. Mwaka jana winga wao mmoja alinilalamikia kwamba hewa ya Moshi nyembamba. Nikamwonyesha kwa kidole.

Siku ya kuondoka

Wasindikize mpaka Holili na orodha ileile uliyowaingizia, wahesabiwe kutoka kama walivyohesabiwa kuingia. Wafungie chakula cha njiani. Kisha rudi haraka: nyavu zivuliwe na kukaushwa kabla ya kukunjwa, kamba ya mzee irudi kwake na sukari kilo mbili, magodoro ya kuazima yahesabiwe mbele ya matroni. Turubai na viti vifike kwa mwenyewe kabla ya saa nne asubuhi. Ikipita hapo anakuandikia siku ya pili.